Maneno ya Nyuma

Barua ya tuisheni ilimkuta Mama Danbi ana pini nne mdomoni na sketi ya shule ya mtoto wa watu kwenye cherehani. Danbi mwenyewe, binti yake, ndiye aliyeileta. Aliitupa juu ya meza ya kukatia, akasema, "Mwalimu kasema usome," kisha akapanda ngazi kwenda juu bila kugeuka nyuma. Ana miaka kumi na minne, na umri huo hauna muda wa kusimama na mama dukani. Mama Danbi alizitoa pini mojamoja, akazichoma kwenye kisponji alichofunga mkononi, akavuta miwani.

Barua ilikuwa ya mistari miwili, kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa Mwalimu Duncan kutoka Kanada. Wazazi wengine wakipokea barua kama hizo huzipiga picha, simu ikawasomea. Mama Danbi alikuwa ameapa hatafanya hivyo. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akijifunza maneno matano ya Kiingereza kwa siku. Aliyaandika kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika ukutani, juu ya rafu ya nyuzi, na wateja walipomwuliza alisema daktari ndiye aliyemshauri, eti yanazuia usahaulifu. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Siku moja alimwuliza Danbi maana ya neno lililokuwa kwenye lebo ya koti la mteja, na Danbi akajibu, "Mama, hata nikikueleza hutaelewa." Kauli hiyo ilimwuma, na mpaka leo inamwuma.

Mstari wa kwanza aliuelewa wote. Danbi ana akili. Mstari wa pili ulisema ana tatizo moja, nalo limezidi: backtalk. Neno hilo hakuwahi kulibandika. Lakini alipolitazama vizuri aliona ni maneno mawili yaliyoshikana, na yote mawili anayo ukutani. *Back*, kikaratasi cha mwezi wa nne: mgongo, nyuma. *Talk*, kikaratasi cha mwezi wa tatu: kusema, maneno. Maneno ya nyuma. Na kwa Kikorea maneno ya nyuma ni kitu kimoja tu, hata mtoto wa chekechea anakijua: ni kumsengenya mtu akiwa hayupo.

Kwa muda wa kushona tundu moja la kifungo alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mtaani. Amesoma barua ya Kiingereza mwenyewe, bila simu, bila mtoto. Kisha furaha ikamtoka, kwa sababu alianza kufikiria alichokisoma.

Danbi anasengenya watu tuisheni. Anamsengenya nani? Mtoto huyu anajua habari za nani, kama si zile za mezani kwao? Na mezani kwao huliwa nani kila jioni, pamoja na wali, kama si Bi Bong?

Bi Bong ndiye mwenye nyumba. Alikuwa na miaka sabini na minne, mjane, na aliishi chini, mlango wake ukitazamana na mlango wa duka la Mama Danbi. Kina Danbi waliishi juu. Mkataba wao wa miaka miwili ulikuwa unaisha tarehe thelathini ya mwezi huo wa kumi na moja. Kila mahali mjini Cheongju nyumba zilikuwa zimepanda bei, lakini Bi Bong aliwaandikia mara mbili mfululizo kwa masharti yaleyale ya zamani, na sababu aliitoa mwenyewe: "Nyinyi ni watu wa adabu. Sijawahi kusikia neno baya kutoka juu." Bila mkataba ule, familia ingehamia nje ya mji, na duka la kupunguza sketi na kubadili zipu haliendi nje ya mji. Wateja wake ni wa mtaani, wa ngazi tatu na kona mbili.

Na sasa lililo baya zaidi: dawati moja na Danbi, kule tuisheni, alikaa Chaerin, mjukuu wa Bi Bong.

Jioni hiyo walikula supu ya maharage ya soya na samaki mdogo wa kukaanga. Baba Danbi, Cha Yong-taek, fundi wa boila na mabomba ya kupasha sakafu joto, alikuwa amerudi na masizi mpaka masikioni. Mama Danbi alisubiri wali ufike nusu bakuli, akanong'ona, maana sakafu ile hakuiamini tena.

"Danbi. Barua nimeisoma."

Danbi aliacha kutafuna. "Umeisoma yote?"

"Yote. Mwenyewe. Bila simu."

Danbi alimtazama mama yake kidogo, akarudi kwenye supu. "Sawa."

"Ni kweli aliyoandika?"

"Kweli."

Mama Danbi alikuwa amejiandaa kwa kukanwa, si kwa hili. "Umefanya mara ngapi?"

"Sijahesabu. Jumanne na Alhamisi. Na Jumamosi ile ya jaribio."

"Mbele ya watu?"

"Sasa ningefanyia wapi, chooni? Darasani."

"Chaerin alikuwepo?"

"Chaerin ndiye aliyecheka kuliko wote. Mara ya mwisho walinipigia makofi."

Baba Danbi alipaliwa na supu. Mkewe alimpiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya iliyohitajika.

"Na hujuti?"

"Sijuti. Nilichosema ni kweli, na nyinyi wenyewe ndio mlionifundisha hapahapa mezani." Danbi alichukua bakuli lake akaenda kuliosha, na siku ambayo Danbi anaosha bakuli bila kuambiwa ujue ana hasira.

Mama Danbi alimgeukia mumewe.

"Hapahapa mezani," alisema Mama Danbi. "Umemsikia? Ni wewe na lile jina lako la Kamera."

"Jina tu hilo."

"Na ile ya kuimba?"

"Ile pia nilitania."

"Na kimchi?"

Baba Danbi alichokoa mwiba wa samaki. Ya kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili anayowatengenezea Bi Bong, hayakuwa matani.

"Chaerin akishamweleza bibi yake tumekwisha," alisema Mama Danbi. "Afadhali niende kabla hajaniita. Mtu akienda mwenyewe, hata kosa linapungua uzito."

"Au usiende kabisa. Labda Chaerin hajasema kitu."

"Darasa zima limepiga makofi, Baba Danbi."

*

Asubuhi alinunua matufaha sita makubwa, yale yanayofungwa kwenye soksi za sponji kama mayai ya dhahabu. Kwetu, kwa Kikorea, tufaha na kuomba radhi ni neno moja, kwa hiyo mtu akikosa pa kuanzia hushika mfuko wa matufaha, mfuko ukaanza kwa niaba yake. Alivua viatu mlangoni kwa Bi Bong, akavipanga pua zikitazama nje, akapiga magoti kwenye sakafu yenye joto.

"Mama, nimeleta matufaha."

"Naona," alisema Bi Bong. "Ya nini?"

"Ya yale uliyoyasikia kwa Chaerin."

Sasa, Bi Bong hakuwa amesikia kitu chochote. Lakini alikuwa amepangisha nyumba miaka arobaini, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba mtu anayekuja amepiga magoti hapaswi kukatizwa. Alichukua kisu kidogo na tufaha moja, akaanza kulimenya taratibu, ganda likishuka refu, bila kukatika.

"Hebu yaseme wewe mwenyewe," alisema, "nione kama yanalingana."

Mama Danbi akashusha pumzi. "Kwanza ni lile jina, mama. Kamera. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu mtu akipita ngazini saa yoyote, hata akivua viatu, wewe unajua."

"Kamera," alisema Bi Bong. Ganda liliendelea kushuka.

"La pili ni nyimbo zako za Jumapili alfajiri. Kwamba ukifika ile sehemu ya juu, boila letu linajizima lenyewe. Ni mzaha wa fundi tu, mama, boila haliwezi."

"Haliwezi."

"La tatu." Hapa Mama Danbi aliinamisha kichwa mpaka paji likakaribia sakafu. "Ni ile kimchi unayotugawia kila mwaka. Vyombo viwili vikubwa, kwa moyo wako, na mgongo wako unauma. Tulikuwa tunaipeleka karakana kwa kina Baba Danbi. Miaka mitatu. Chumvi, mama. Mimi nina presha. Na kule karakana nao wakawa wanaiosha kwanza kwa maji."

Ganda likakatika, likaanguka kwenye sahani.

Bi Bong alimaliza kulimenya lile tufaha. Alilikata vipande vinane, akatoa mbegu, akavipanga, akachoma kipande kimoja kwa uma mdogo na kumpa mgeni wake, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mama Danbi alikipokea kwa mikono miwili. Kutafuna hakuweza, kutema hakuweza.

"Chaerin hajaniambia kitu," alisema Bi Bong. "Chaerin haniambii hata kama ana njaa. Anatazama simu." Alifuta kisu kwa kitambaa. "Mkataba nilikuwa nimeshauandika. Ule pale, juu ya friji. Nilitaka kukuita leo."

Mama Danbi aliutazama juu ya friji. Ulikuwa kwenye bahasha ya kahawia, na juu yake kulikuwa na muhuri wa Bi Bong ndani ya kijaluba chake cha pembe.

"Kula tufaha," alisema Bi Bong, "kisha uende."

*

Kesho yake kikaratasi kilibandikwa kwenye mlango wa jengo, kwa mwandiko wa Bi Bong: *Nyumba ya juu na duka. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Gonga chini.* Alitumia gundi nyingi, kama mtu ambaye hataki kubembelezwa. Chini ya ngazi aliviweka vyombo viwili vya plastiki vya kimchi, vitupu, vimeoshwa, na kikaratasi kingine: *Vya kurudisha karakana.*

Watu wakaanza kuja kuiona nyumba. Walikuja wakati wa kula, kwa sababu ndio wakati ambao watu wapo. Kijana mmoja na mchumba wake walipima ukuta kwa utepe, na utepe ulipopungua walimwomba Mama Danbi awaazime wa kushonea. Aliwaazima. Mchumba akauliza kama majirani ni wazuri. "Wazuri sana," alisema Mama Danbi, bakuli la wali mkononi, "hasa chini." Baba Danbi aliendelea kula akiwa amewageuzia mgongo. Hasira zake alizipeleka kwenye boila. Alilifungua na kulifunga siku tatu mfululizo, nyumba ikawa na joto kama tanuri la mkate.

Siku ya nne, mteja aliyekuja kuchukua suruali yake dukani alimwuliza, "Kumbe unahama?" Mama Danbi alimjibu kuwa bado, akamrudishia chenji pungufu, mteja akamkumbusha. Hapo akazima cherehani. Kama mtoto wake ndiye aliyewasha moto, basi mwalimu angalau amweleze moto wenyewe ulisemaje, neno kwa neno, ajue ni yapi aliyoyaungama bure na ni yapi yaliyobaki. Alinunua matufaha mengine.

*

Tuisheni ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani. Mapokezi alikaa Dada Ok, msichana mpole mwenye shali magotini, na pembeni bibi wa usafi alikuwa anakamua tambara. Mwalimu Duncan alitoka darasani, mrefu, mwenye tabasamu la mtu asiye na deni na yeyote.

Ni lazima kusema kitu kuhusu Kikorea cha Mwalimu Duncan. Alikiongea haraka na bila woga, ila alikuwa amekiokota chote kwa wanafunzi wake, wakati wa mapumziko, na wanafunzi huongea na wenzao kama wenzao. Ile silabi ndogo ya heshima tunayoiweka mwishoni mwa maneno tukiongea na mkubwa, yeye hakuwa nayo hata moja.

"We! Mama Danbi!" alisema kwa furaha. "Njoo. Kaa."

Dada Ok alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Mama Danbi alikaa.

"Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya barua. Hayo maneno ya nyuma. Naomba uniambie alisema nini kuhusu mwenye nyumba wetu."

"Mwenye nyumba gani?"

"Bi Bong. Kuhusu kimchi yake."

"Kimchi gani?" Mwalimu Duncan alimtazama Dada Ok. "Huyu anasema nini?"

Dada Ok aliisoma barua. Akaisoma tena. Kisha akafunika mdomo kwa mkono, na alipouondoa alikuwa amejitahidi sana. "Mama, neno hili uliliangalia kwenye simu?"

"Kuna haja gani? *Back* ni nyuma. *Talk* ni maneno."

"Ndiyo, mama. Lakini yakishikana si kusengenya. Ni kurudisha. Mkubwa anakuambia kitu, na wewe unamrudishia maneno. Kujibizana. Danbi anamjibu mwalimu, basi."

"Anamjibu?"

"Anajibu!" alisema Mwalimu Duncan, akasimama kuonyesha. Akawa yeye, kidole juu: "Danbi, kaa." Akaruka upande wa pili akawa Danbi, mikono kiunoni, na kwa kweli alimpatia: "Hapana. Kwanza mwombe bibi radhi."

"Bibi gani?" aliuliza Mama Danbi.

Yule bibi wa usafi, ambaye hakuna aliyemwuliza, aliweka tambara chini. "Mimi. Huyu kijana huniambia, 'We, njoo, futa hapa.' Mimi nina miaka sabini na moja. Nilishazoea, ni mgeni, hajui. Binti yako ndiye aliyekataa kuzoea. Kila akinisemesha vile, yule anasimama. Anaambiwa fungua kitabu, anasema kitabu kitasubiri, kwanza liseme vizuri. Siku ile alipolisema vizuri watoto wote wakapiga makofi." Akaokota tambara. "Kesho yake akasahau tena, lakini si haba."

Mama Danbi alibaki ameshika mfuko wake wa matufaha. Alihesabu kichwani: jina la Kamera, nyimbo za Jumapili, miaka mitatu ya chumvi. Yote ameyamwaga mwenyewe, bila kuombwa, kwa sababu ya vikaratasi viwili vya njano. Alitaka kulia na alitaka kucheka, akashindwa kuchagua. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine chenye joto, nacho kilikuwa fahari.

"We, mama," alisema Mwalimu Duncan kwa huruma ya kweli. "Kunywa maji."

Mama Danbi akasimama. Katika miaka arobaini na saba hakuwahi kumjibu mwalimu, wala mkwe, wala mteja aliyerudisha suruali baada ya kuivaa harusini. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Mwalimu. Niambie tena ninywe maji. Ila uniambie vizuri."

Mwalimu Duncan akawa mwekundu kuanzia shingoni. Alifikiri, akaitafuta ile silabi, akaipata. "Mama, tafadhali unywe maji."

"Asante," alisema Mama Danbi, akayanywa. Matufaha alimwachia bibi wa usafi.

Danbi alimkuta mama yake chini, mbele ya duka la miwani, wakarudi pamoja kwa miguu. Habari za kikaratasi cha mlangoni alizijua, ila hakujua chanzo chake. Aliposimuliwa alisimama katikati ya njia.

"Kusengenya? Mama. Mimi? Mlichonifundisha mezani ni kumheshimu mkubwa."

"Mbona hukuniuliza nimeelewa nini?"

Danbi alipiga teke jani la mti. "Ulisema umeisoma mwenyewe. Ulikuwa umefurahi mno, mpaka masikio yalikuwa mekundu. Ningekuulizaje?"

Walitembea mpaka kona. "Lile jibu la koti," alisema Danbi, "lile la kwamba hutaelewa. Lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya," alisema mama yake, na hakuliongezea neno.

*

Siku mbili kabla ya mkataba kuisha, Bi Bong alitengeneza kimchi ya majira ya baridi. Kabichi sitini zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na asubuhi uani kulikuwa na beseni jekundu la pilipili na vitunguu saumu ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto. Majirani wawili wa kanisani walikuja kusaidia. Mama Danbi hakualikwa. Alivaa glovu zake za mpira, akashuka, akachuchumaa kwenye nafasi ambayo amekuwa akichuchumaa kila mwaka. Baba Danbi alimfuata, kwa amri, akaanza kubeba kabichi kutoka bombani.

Bi Bong alipaka pilipili jani kwa jani, majirani nao wakapaka, wakitazama kila mmoja kabichi yake kwa makini ya ajabu. Kisha Bi Bong alichuma jani dogo la njano kutoka kwenye moyo wa kabichi, akalijaza kile kiungo chekundu, akalinyoosha mpaka mdomoni kwa Mama Danbi. Ndivyo inavyofanywa kila mwaka, anayetengeneza humlisha msaidizi, na msaidizi husema tamu. Hajatokea aliyesema neno jingine.

"Haya," alisema Bi Bong. "Nyinyi hodari wa kusemea juu ya ngazi. Semea hapa."

Mama Danbi akafungua mdomo, akalishwa. Alitafuna. Chumvi ilimpanda mpaka machoni. Kwenye mfuko wa aproni ya Bi Bong aliona kona ya bahasha ya kahawia, na akajua kwamba akisema tamu, Bi Bong atajua ni uongo, na akisema kweli, atakuwa amemwaibisha mwenye nyumba mbele ya watu wa kanisa lake. Njia zote mbili zilielekea nje ya mji.

Akameza. "Chumvi imezidi, mama."

Mmoja wa majirani alikohoa.

"Imezidi kiasi gani?"

"Sana. Hailiki. Hizi za mwanzo zioshwe, na hilo beseni liongezwe figili na peasi za kusaga, la sivyo kabichi sitini zote zitaharibika."

"Wewe unanifundisha kimchi? Nimetengeneza kimchi tangu hujazaliwa."

"Ndiyo, mama. Na leo umeikosea."

Basi hapo ndipo lilipokuwa, lile neno la Kiingereza la kujibizana, limekaa katikati ya ua na glovu zake nyekundu. Mama Danbi alilitambua. Moyo ulikuwa unampiga kama cherehani yenye mkanda mpya, lakini hakulirudisha mdomoni.

Bi Bong alichovya kidole chake mwenyewe kwenye beseni, akalamba. Akalamba tena. Akawatazama majirani wake wa kanisani. "Nyinyi je? Miaka yote mmeniambia tamu."

Majirani walitazama mikono yao. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kidogo chumvi ipo, dada." Mwingine akasema, "Ipo."

"Mimi siisikii," alisema Bi Bong. Alilisema taratibu, kama anayesoma risiti. "Tangu homa ile mbaya, miaka minne sasa, ulimi wangu hausikii chumvi. Zamani alikuwepo mzee. Alikuwa akionja anarusha kijiko, ananiambia, 'Unataka kuniua?' Tunagombana siku nzima. Tangu afe, kila ninayemlisha ananiambia tamu. Nikadhani nimepona." Alifuta pua kwa nyuma ya glovu, na pilipili ikambaki shavuni. "Watu wakikuogopa, hata chakula chako hukionji."

Mama Danbi alivua glovu moja, akaufuta ule mwekundu shavuni kwa ncha ya aproni yake. Alitaka kusema pole, akaona haitoshi, akachukua kisu na kuanza kukata figili.

Walifanya kazi mpaka mchana. Mama Danbi alionja, akasema bado. Akaonja tena, akasema bado. Bi Bong alimwita mjeuri mara tatu, na mara ya tatu karibu acheke. Beseni lilipokuwa sawa, hata Baba Danbi alilishwa jani, akafumba macho, akaomba la pili, na hilo halikuwa la adabu.

Bi Bong alikaa kwenye kigoda, akatoa bahasha, akaikunjua karatasi juu ya goti. "Miaka miwili. Masharti yaleyale, na moja nimeongeza: kila mwaka unashuka kuonja, na unasema. Ukinidanganya siku hiyo, unahama siku hiyo." Akapulizia muhuri wake, akausimamisha hewani. "Lakini kwanza nataka kujua. Hilo jina la Kamera, nani alilitunga?"

Majirani wote wawili waliacha kupaka.

"Mimi kusema mtu nyuma nimeacha, mama," alisema Mama Danbi. "Yuko hapo mbele yako, amebeba kabichi."

Baba Danbi alisimama na kabichi nne kifuani, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi. Bi Bong alimtazama kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kisha akaugonga muhuri kwenye karatasi, na kidole chake cha pilipili kikaacha alama nyekundu ya pili kando yake.

"Haya, tua mzigo, kisha upande juu," alimwambia. "Taa ya ngazini mmeiacha inawaka tangu saa kumi na mbili. Nimeiona."